Picha Ikikatwa Pembeni Unachukua Bisibisi: Stori ya Monita za Chogo

Ukiunganisha PlayStation kwenye TV, ndani ya mipangilio kuna sehemu inayokuomba uvute fremu mpaka pembe zote nne zionekane. Wengi wanabonyeza fasta fasta waende kucheza mpira. Nani ana muda wa kupima pembe? Lakini kaswali kale kadogo kana umri mkubwa kuliko wewe unayekaruka. Kuna watu walikalia kiti usiku kucha kwa ajili yake, kuna monita ziliungua, na kuna mafundi waliingiza mkono mahali ambapo ukikosea sentimita mbili tu, nyumbani wanaanza kupokea wageni wa msiba.

Na karibu wote hao hawana majina. Waliotengeneza kompyuta wamepigwa picha kwenye majarida, wametungiwa mpaka filamu. Aliyekuwa anazungusha kale kaskrubu nyuma ya monita ili duara lionekane duara badala ya yai, huyo hakuna anayemkumbuka.

Tuanze na TV yenyewe, maana kosa lilianzia huko.

TV ya chogo haina pikseli kama simu yako. Ndani ya pikcha tyubu kuna mwale wa elektroni unaochora kioo mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Koili zilizofungwa kwenye shingo ya tyubu ndizo zinazouvuta mwale huo huku na kule. Marekani walichagua mfumo wa mistari 525 na mizunguko 60 kwa sekunde, Ulaya sehemu kubwa wakaenda na mistari 625 na mizunguko 50. Sasa shika hili vizuri: ukubwa wa picha haukuwa namba iliyoandikwa popote. Ulikuwa ni nguvu ya umeme tu. Koili zikipata umeme mwingi, mwale unaenda mbali na picha inakuwa kubwa. Zikipungukiwa, picha inasinyaa.

Na umeme huwa hautulii. Vifaa vinachoka, kapasita zinakauka, moto wa nyumbani unapanda na kushuka. Ukiwa na TV ambayo picha yake imekaa sawasawa na kioo, baada ya mwaka mmoja utaona ukanda mweusi pembeni na utarudi dukani kugombana. Kwa hiyo viwanda vikafanya ujanja wa wazi kabisa: wakaitengeneza picha iwe kubwa kuliko kioo, pembe zake zifichwe nyuma ya fremu ya plastiki. Watangazaji wakajua hivyo, wakawa hawaweki kitu cha maana pembeni. Mtazamaji alikuwa anaibiwa kipande cha picha kila siku bila kujua, na maisha yanaendelea kiroho safi.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, watu walipoanza kuchomeka kompyuta kwenye TV ya sebuleni. Msomaji wa taarifa ya habari akikatwa bega, hakuna shida. Herufi ya kwanza ya kila mstari wa programu ikikatwa, umekwisha.

Ndio maana kompyuta nyingi za nyumbani zilikuja na lile fremu la rangi kuzunguka picha. Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza, 1982, ilichora kwenye eneo la nukta 256 kwa 192 tu, pembeni kote ni rangi tupu. Commodore 64 ya mwaka huo huo ilikuwa na nukta 320 kwa 200, nayo na fremu lake. Lile fremu lilikuwa ni eneo la kutupwa. Kama TV yako inakata, ikate pale. Waliokuwa na Spectrum wanalikumbuka kwa jambo lingine kabisa: gemu likiwa linapakiwa kutoka kwenye kaseti, fremu lilikuwa linacheza michirizi, kwanza nyekundu na samawati, halafu bluu na njano, huku kaseti inapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia. Dakika kadhaa nzima unaangalia pembezoni, katikati picha inajijaza polepole.

Wengine wakaona fremu peke yake halitoshi. Commodore VIC-20, ambayo ndiyo kompyuta ya kwanza kuuzwa zaidi ya milioni moja, iliacha mlango wazi ndani ya chipu yake ya picha. Unaandika POKE 36864 na namba, picha nzima inasogea kushoto au kulia. Unaandika POKE 36865, inapanda au inashuka. Ziliachwa hata namba za kubadilisha idadi ya safu na mistari. Mtoto wa miaka kumi na mbili, TV ya familia imekaa vibaya, baba hataki mtu aguse vitufe vya nyuma, anaandika namba tu na picha inakuja katikati. Hapo ukiangalia vizuri, mtu alikuwa anasogeza mwale wa elektroni kwa kuandika sentensi. Kwa wakati ule ilikuwa noma.

BBC Micro iliyotoka Uingereza mwishoni mwa 1981 na kujaa mashuleni ilikuwa na amri yake: *TV255, na picha inashuka mstari mmoja ukishabadilisha modi. Mwalimu aliyekuwa na darasa zima na TV moja mbovu aliijua amri hiyo kabla ya kujua kitu kingine chochote.

IBM nao hawakuachwa nyuma. PC yao ya 1981 ikifungwa kadi ya rangi iliweza kutumia TV, na kwenye DOS kulikuwa na amri ya MODE yenye jaribio ndani yake. Inakuandikia safu ya tarakimu juu ya skrini, halafu inakuuliza kwa heshima kabisa kama unaiona ile 9 ya mwisho kulia. Ukijibu hapana, inasukuma picha kidogo, inauliza tena. Hapana? Inasukuma tena. Mashine ya bei mbaya ya ofisini, imevaa suti, inamuuliza bosi kama anaona tisa. Sasa rudi kwenye ile fremu ya PlayStation uiangalie tena. Ni swali lile lile.

Lakini namba za kuandika zilikuwa na upande wa giza, na hapa stori inaanza kunuka moshi.

Commodore walikuwa na kompyuta ya awali iitwayo PET, ya 1977, monita imejengwa humo humo ndani ya boksi. Mjanja mmoja akagundua kwamba ukiandika POKE 59458,62 maandishi yanatokea kwa spidi zaidi. Habari ikasambaa, watu wakaiweka kwenye programu zao. Baadaye zikatoka PET mpya zenye chipu nyingine ya kuendesha skrini, na namba ile ile iliyokuwa inaleta spidi ikawa inavuruga mpigo wa picha kiasi cha kuweza kuiharibu sakiti ya monita. Programu ni ile ile, kaseti ni ile ile, mashine tofauti. Wakaibatiza jina: amri ya kuua. Monita ya IBM ya rangi ya kijani nayo ilikuwa na ugonjwa wa aina hiyo, ikipewa mpigo usio wake inaweza kuungua. Leo tumezoea kwamba programu haiwezi kuunguza skrini. Enzi hizo iliwezekana kabisa.

Sasa twende kwenye bisibisi yenyewe.

Monita za kompyuta za nyumbani zilipoanza kuuzwa peke yake, mambo kama mwanga na rangi yaliwekwa mbele, mengine nyuma au chini ya kifuniko. Urefu wa picha wa juu kwenda chini ulikuwa rahisi: karekebisho kadogo, unaingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu, unazungusha, picha inanyooka au inabonyea. Ila upana ni habari nyingine. Sakiti inayovuta mwale kushoto na kulia ndiyo hiyo hiyo inayoendesha flaibaki, ile transfoma inayozalisha umeme mkali wa tyubu. Huwezi kuichezea kama redio. Kwa hiyo kwenye monita nyingi upana ulirekebishwa kwa koili iliyosimama kwenye bodi ndani kabisa, katikati yake kuna kipande cheusi chenye tundu la pembe sita. Ukikizungusha kinaingia au kinatoka, na picha inapungua au inatanuka.

Vizuri. Tatizo ni kwamba ili uone picha inavyobadilika, monita lazima iwe imewashwa. Boksi wazi, moto unatembea. Monita ya rangi ina volti 20,000 na zaidi kwenye tyubu. Hata ukichomoa waya ukutani, tyubu yenyewe inabaki imeshika chaji kama kapasita kubwa la kioo, inakusubiri.

Kwa hiyo mafundi walikuwa na adabu zao. Mkono mmoja tu ndani, mwingine mfukoni au mgongoni, ili umeme usipate njia ya kukatiza kifuani. Pete na saa zinavuliwa. Mbele ya monita wanaegesha kioo cha kujitazamia, ili fundi aliyeko nyuma aone picha bila kuzunguka. Na kile kipande cha koili hakizungushwi kwa chuma, kinazungushwa kwa kijiti cha plastiki. Chuma kinaharibu usumaku, ukikitoa tu picha inabadilika tena, na kibaya zaidi kipande chenyewe ni chepesi kuvunjika kama chaki. Kikipasuka kikakwama humo ndani, picha imebaki ilivyo, na mteja anakuja saa kumi.

Kulikuwa na mtego mwingine. Picha iliyosinyaa mara nyingi ilikuwa dalili, ugonjwa ni mwingine. Kapasita limechoka, umeme wa ndani umeshuka. Fundi wa haraka anazungusha upana, picha inajaa, anapokea hela yake. Mwezi mmoja baadaye imesinyaa tena. Fundi mwenye akili anapima umeme kwanza. Na kuna ile ambayo skrini ikijaa weupe ghafla picha nzima inatanuka, kama mtu anavuta pumzi: umeme wa tyubu umezidiwa, ukashuka, mwale ukawa laini, koili zikauvuta mbali kuliko kawaida. Hiyo huitibu kwa kijiti cha plastiki hata ukizungusha mpaka kesho.

Mahali ambapo ukubwa wa picha ulihesabiwa kama dhahabu ni kwenye Macintosh ya Apple, iliyotoka Januari 1984. Kioo chake kilikuwa cha inchi 9, nyeusi na nyeupe, nukta 512 kwa 342. Mpango ulikuwa nukta 72 kwa kila inchi, ili unachokiona kwenye skrini kiwe na ukubwa ule ule kwenye karatasi itakayotoka kwenye printa ya ImageWriter. Rula ikichorwa kwenye skrini, unaweza kuweka rula ya kweli juu yake. Piga hesabu mwenyewe: 512 gawanya kwa 72 ni inchi 7.11, na 342 gawanya kwa 72 ni inchi 4.75. Fundi alitakiwa aifikishe picha kwenye vipimo hivyo, kama sentimita 18 kwa 12, kwa rula mkononi na kijiti cha plastiki kwenye bodi yenye umeme mkali.

Ndio maana ukiona Mac ya zamani, kuna ukanda mweusi kuzunguka picha. Mtu asiyejua anaona kioo kinapotea bure. Anafungua, anazungusha, picha inajaa mpaka pembeni, anafurahi. Tuseme kaitanua mpaka inchi 8. Kuanzia siku hiyo kitu kinachoonekana cha inchi 8 kwenye skrini kinatoka inchi 7.11 kwenye karatasi, na kama hakugusa urefu kwa kiwango hicho hicho, kila duara limekuwa yai. Mtu anayepanga kurasa za jarida kwa mashine hiyo atamlaumu printa, atamlaumu mwenye programu, atanunua wino mpya. Kumbe kuna mtu aliona mweusi pembeni ukamkera.

Wakati watu wazima wanahangaika kuirudisha picha ndani ya kioo, vijana wa Ulaya walikuwa na kazi ya kinyume. Walilitaka lile fremu la kutupwa.

Commodore 64 haikuruhusu kuchora kwenye fremu. Mwongozo haukusema inawezekana, chipu haikuundwa kwa hilo. Lakini vijana waliokuwa wakijificha nyuma ya majina ya bandia, wengi Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, waligundua usahaulifu wa chipu. Ilikuwa na modi mbili, ya mistari 25 ya maandishi na ya mistari 24. Kila modi ina sehemu yake ambapo chipu inaangalia: je, tumefika chini, nifunge fremu? Wakasubiri mwale upite sehemu ya kufunga ya mistari 24 wakiwa kwenye modi ya 25, halafu kabla haujafika sehemu ya 25 wakabadilisha kwenda 24. Chipu ikakosa miadi yote miwili. Haikufunga. Fremu la chini na la juu likabaki wazi, na ndani yake wakapitisha maandishi na vikaragosi vyao. Ila lazima uifanye kila picha inapochorwa, mara 50 kwa sekunde, ukichelewa kidogo tu inajifunga. Kwenye Atari ST walifanya la aina hiyo kwa kuidanganya mashine kati ya mpigo wa 50 na wa 60.

Uchungu wake sasa: umekesha wiki nzima umelivunja fremu, unampelekea mwenzako diski, TV ya kwao imekata pembeni na haoni kitu. Hapo alikuwa anatafutwa mwenye monita ambayo nyuma yake kuna mtu alishapunguza picha.

Halafu kuna ugomvi wa Marekani na Ulaya. Commodore Amiga ya 1985 kwa Marekani ilikuwa na mistari 200 ya kawaida, kwa Ulaya 256. Gemu la Ulaya likienda Marekani, sehemu ya chini inakatwa, na mara nyingi hapo ndipo zilipo alama na maisha uliyobakiza. Unacheza hujui kama umebakiwa na roho moja au tatu. Gemu la Marekani likija Ulaya, linabonyea na kuacha ukanda mweusi chini, na watu wakajifunza kutafuta karekebisho ka urefu ili walinyooshe. Wanaliweka sawa, wakirudi kwenye kazi zao picha imetoka nje ya kioo. Wanalirudisha. Kama kazi ya bawabu wa geti.

Amiga yenyewe ililigeuza tatizo hili kuwa mtaji. Kwa kuwa iliweza kuchora mpaka nje ya pembe za kioo, na mpigo wake ulifungamana vizuri na wa TV, watu wa video waliipenda: maandishi na picha zake zilijaza skrini ya TV bila kuacha lile fremu la kikompyuta. Mwaka 1990 ikaja Video Toaster ya NewTek, na mapigano ya angani ya filamu ya kwanza ya Babylon 5, 1993, yalitengenezwa kwa Amiga zenye vifaa hivyo. Fremu la kutupwa ndilo lililozifikisha Hollywood.

Kwa Bongo, stori hii yote ilipita kwa mbali. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini bara serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na vituo vya TV vilikuja kuanza 1994. Kwa hiyo wengi walikutana na monita za chogo kwenye intaneti kafe, bisibisi ikiwa imeshastaafu.

Iliyoistaafisha ni mambo mawili. VGA ya IBM ya 1987 ilikuwa na akili ndogo tamu: mpigo wa picha ulipelekwa chanya au hasi, na kwa mpangilio huo monita inajua kama inaletewa mistari 350, 400 au 480, inarekebisha urefu yenyewe ili picha ijae. Pia NEC walishatoa MultiSync mwaka 1985, monita inayofuata mipigo tofauti badala ya mmoja. Baadaye chipu ikakaa ndani, vitufe vikaja mbele, na menyu juu ya skrini: upana, urefu, kusogeza, kupinda. Wale wa kafe wanakumbuka jirani anabonyeza kila kitu kwa kuwa dakika zake zimekwama, picha imekuwa kama mtaro, halafu anahama kiti. Na kile kitufe cha kuondoa sumaku, picha inatetemeka, monita inalia dung!

Flati zilipokuja, pikseli zikawa na makazi ya kudumu, nukta moja ya kompyuta kwenye nukta moja ya kioo. Hakuna cha kutanua. Ila TV nyingi za flati ziliendelea kukuza picha kidogo na kukata pembe, kwa mazoea yale yale ya zama za tyubu, ingawa hazina kapasita la kukauka wala koili shingoni. Ndio maana matokeo ya mechi yanaweza kuwa nusu nje ya kioo kwa jirani na kamili kwako. Kwenye menyu ya picha kuna kitu kinaitwa Just Scan au Screen Fit, kutegemea kampuni. Kiwashe, na hutahitaji kioo cha kujitazamia wala mkono mmoja mfukoni.